Chaki kwenye Milango ya Chanji

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, Mama Tusekile alipoingia katika ghala la mahindi nilikokuwa karani, akasimama kati ya mizani na mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, makuli wakiwa mbali, kama ile chaki ya milangoni ilikuwa yangu. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama, nikitaka kuandika muda wa kuingia kwa lori la pili. Nafasi ile katika daftari la magari ilibaki wazi hadi mchana, na nilipoijaza niliijaza kwa kukisia. Mwezi uliopita tulimzika Mama Tusekile. Baada ya maziko tulikaa katika ukumbi wa kanisa tukila wali na maharage, na mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akawaeleza wageni kwamba usharika wetu wa Chanji ulianza na watu kumi na mmoja, na kwamba baada ya kupita nyumba kwa nyumba siku moja tu, Jumapili iliyofuata walifika watu thelathini. Wageni wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake na sikusema neno. Idadi alizotaja ni sahihi, mimi ndiye niliyeziandika. Alichokosa kuambiwa ni kwa nini wale kumi na tisa walikuja. Waliolijua mtaani walikuwa wengi, lakini tuliolibeba tulikuwa watatu, na sasa nimebaki peke yangu, kwa hiyo nimeona niliandike jambo hili kama lilivyotokea, bila kulipamba.

Mwaka ule mkoa ulikuwa mpya. Watumishi walikuwa wanaletwa Sumbawanga kutoka Mbeya kwa malori, na magodoro yao na kuku wao, na nyumba za serikali hazikutosha. Wengi wetu tulipanga vyumba Chanji, katikati ya wenyeji, ambao karibu wote walikuwa Wakatoliki tangu enzi za babu zao, watu wa kulima mahindi na ulezi, ambao kwao neno kanisa lilimaanisha jengo moja tu, lile la tofali lenye kengele. Sisi hatukuwa na kengele wala jengo. Tulisali sebuleni kwa Mama Tusekile. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, akiuza mchele wa kwao na dagaa wa Kasanga, na magunia ya dagaa hayakuwa na pa kuwekwa isipokuwa sebuleni humo humo. Jumapili tulitoa meza nje, tukayasogeza magunia kwenye kona, tukatandika mikeka na mabenchi mawili. Chumba kilikuwa na hatua tano kwa nne, nilikipima. Dirisha moja lilitazama njia, na upepo wa Ufipa ulipovuma ulipenya chini ya mlango na kutupa harufu ya dagaa juu ya vitabu vya nyimbo, hata leo nikifungua kitabu changu cha zamani naisikia, au nadhani naisikia. Baada ya ibada tulirudisha meza ndani tukala ugali wa ulezi na dagaa waliokaangwa kwa nyanya. Mama Tusekile aligawa mwenyewe, na aliyechelewa ibada alipata kidogo. Mchungaji alikuja kutoka Mbeya mara moja kila baada ya miezi mitatu. Alipokuja mara ya mwisho, akiwa ananawa mikono baada ya chakula, alisema, "Mnaimba vizuri. Lakini mnaimbiana wenyewe." Kauli ile iliniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe kwa taa ya chemli, na niliamini kwamba hakuna jambo lisilorekebishika likiwekewa utaratibu.

Utaratibu niliokuwa nao ni wa ghalani. Gunia lililohesabiwa tuliliwekea mstari mmoja wa chaki. Lililopimwa likakubaliwa tuliliwekea duara. Lenye unyevu, ambalo halikufaa kukaa na mengine, tuliliwekea mkasi, mistari miwili iliyokatana, kama mwalimu anavyomkosesha mwanafunzi, na vijana waliliburuta nje. Kwa alama tatu hizo mtu aliweza kusimama mlangoni na kujua hali ya ghala zima. Nikaona mtaa nao hauna tofauti. Tungepita nyumba kwa nyumba, tuwasalimu watu, tuulize wako wangapi, wametoka wapi, wanafanya kazi gani, wana mgonjwa au hawana, tuwakaribishe Jumapili. Nyumba tuliyokuta imefungwa ingepata mstari. Iliyotukaribisha ingepata duara. Iliyosema tusirudi ingepata mkasi, ili mwenzetu mwingine asije akawasumbua tena. Huo mkasi, naapa, ulikuwa wa heshima.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo miaka yote hii sijaweza kujieleza. Mwaka ule ndio watu wa vijijini walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Uwanda mzima ulikuwa unasogea. Na mjini kulikuwa na maneno kwamba wasio na kazi ya kuajiriwa nao wangepelekwa. Nilikuwa nayasikia maneno haya kila siku, kwa sababu makuli walikula saa sita nyuma ya meza yangu, wakichovya viazi kwenye chumvi. Wiki ile ile nilimsikia mmoja akisema, "Kwa shemeji yangu waliandikwa Jumamosi. Alhamisi lori hili hapa." Mwenzake akauliza, "Waliandikwaje?" Akajibu, "Walikuja wawili. Mmoja ana daftari, mmoja anauliza. Wapole sana. Wale wapole ndio wabaya." Wakacheka. Nilisikia neno kwa neno, ndiyo maana naweza kuliandika, na siku mbili baadaye nikanunua daftari jipya la kurasa tisini na sita, nikachukua vipande sita vya chaki, nikaenda kumtafuta mtu wa pili.

Mtu wa pili alikuwa Yona, tarishi wa boma, mshirika mwenzetu, baba wa watoto wanne. Alikuwa na nguo moja nzuri, nayo ni kaki ya kazi, shati na suruali vilivyopigwa pasi hadi vikasimama vyenyewe, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kwa jina la Bwana aliona si vizuri avae nguo chakavu. Tulianza Jumamosi saa tatu asubuhi, Oktoba, vumbi jekundu likiruka, na hadi saa tisa tulikuwa tumepita nyumba arobaini na tatu. Nilishangaa jinsi watu walivyotupokea. Walisimama. Walitoa vigoda nje na kuvifuta kwa kanga. Wanaume walivua kofia. Tulipouliza wanafanya kazi gani walijibu kwa kirefu, na mmoja aliingia ndani akatoka na jembe kutuonyesha. Tuliposema tunatoka kanisani walitikisa kichwa, wakatazama kaki ya Yona. Duara zilikuwa thelathini na moja. Mkasi ulikuwa mmoja tu, mlangoni kwa Mama Leokadia, mjane aliyekuwa uani anapepeta ulezi na ambaye hakusimama. "Hapa niko mimi na wajukuu wawili," alisema. "Kazi yangu ni hii unayoiona. Kanisa ninalo. Msirudi." Nilimshukuru, nikaweka alama. Tulipofika njiani Yona akaninong'oneza, "Huyo gunia lake lina unyevu." Nikacheka. Nilicheka kweli, na sauti ya kicheko hicho naikumbuka kuliko nyimbo nyingi.

Jumapili walifika. Sebule ilijaa hadi mlangoni, wengine wakasimama dirishani kwa nje wakiwa wameshika nondo. Niliwahesabu mara mbili: thelathini, sisi tukiwemo. Hawakujua nyimbo zetu lakini walifumbua vinywa. Walileta mayai, walileta ulezi katika vikapu, mmoja alileta kuku mzima na kumfunga kwenye mguu wa benchi, na kuku akalia wakati wa maombi bila mtu hata mmoja kutabasamu. Mama Tusekile alipika mara mbili siku ile, akatazama vikapu vile, akasema kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba hajawahi kuona watu wanaokula kwa hofu namna hii. Nilidhani anazungumzia ugeni. Wakati wa kuondoka mzee mmoja alinishika mkono akauliza, "Umeniandika?" Nikasema, "Nimekuandika, mzee." Akasema, "Andika na kwamba nina kazi. Nina shamba la eka tatu na ninasuka vikapu." Nikamwahidi kwamba tutaiombea kazi yake. Alinitazama kama mtu aliyejibiwa kwa lugha asiyoijua.

Sasa narudi Jumatatu, saa nne kasoro kumi. Mama Tusekile alinitoa nje ya ghala, tukasimama upande wa jua kwa sababu kulikuwa na baridi. "Nimetoka kuuza dagaa mtaani," alisema. "Hakuna anayenunua. Wanafunga mizigo. Unajua wananiambia nini? Wananiambia, Mama Tuse, wewe umo kwenye kundi la karani, tuombee tubaki." Nikauliza wabaki wapi. "Amba, mwanangu," akasema, akilifupisha jina langu kama alivyozoea, "una akili nyingi sana, na hapo hapo huna." Ndipo akanieleza. Mtaa ulikuwa umesoma alama zangu zote na kuzipa maana. Duara ni wa kubaki. Mstari ni wa kufikiriwa. Mkasi ni wa kwenda. Waliokutwa wamefunga nyumba siku ile wakapata mstari walikuwa wamefuta na kujichorea duara kwa mkaa. Mtu mmoja alikuwa amemchorea mkasi jirani aliyegombana naye mpaka wa shamba. Na Mama Leokadia alikuwa amemwita mnunuzi wa mabati aliyekuja kwa lori kutoka Laela, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wanaohamishwa hawaruhusiwi kubeba nyumba. "Nenda ukawaambie," Mama Tusekile alisema. "Sasa hivi. Vua hilo koti la karani uende." Nikamwambia nitakwenda nikitoka kazini. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nikarudi ndani.

Hofu yangu ilikuwa na sehemu kadhaa, nami nilizipanga kichwani kama nilivyozoea kupanga kila kitu, nikiwa nimekaa mbele ya mizani nisiyoisoma. Kujifanya mtu wa serikali lilikuwa kosa la kwenda jela. Kuorodhesha raia bila kibali, wakati ule, sikujua lingeitwaje, na kutokujua ndiko kulikonitisha zaidi. Mikutano yetu haikuwa na barua yoyote. Tuliendelea kwa sababu hakuna aliyetuuliza. Ghala lilikuwa la umma na kazi yangu ilikuwa ya umma. Na chini ya hayo yote kulikuwa na lingine, ambalo nalisema kwa aibu: nilikuwa nimeandika thelathini kwenye daftari la mahudhurio, kwa kalamu nyekundu, na nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kumjulisha mchungaji. Sikutaka kuifuta thelathini ile. Nilipotoka kazini sikwenda mtaani. Nilikwenda kwa Yona. Alikuwa ameketi kitandani, kaki imetundikwa kwenye msumari, naye anaitazama kama mgeni aliyekataa kuondoka. Mke wake aliwatoa watoto nje. "Ukisema," Yona alisema, "watauliza mwenye kaki ni nani. Bomani niko mmoja tu ninayeishi Chanji." Nikamwambia sitataja jina. "Hutataja. Wataniona. Ndugu yangu, nina watoto wanne na godoro moja. Acha lipite lenyewe. Lori lisipokuja wiki hii na wiki ijayo, watasahau." Maneno yake yalikuwa yale yale niliyokuwa nimejiambia njiani, na kwa kuyasikia kutoka kinywani mwa mwingine nikayaona yana busara. Tukanywa uji wake wa ulezi usio na sukari. Tulikubaliana kukaa kimya.

Jumanne asubuhi, kabla ya saa mbili, nilikuwa mlangoni pa ghala lori la mnunuzi wa Laela lilipopita. Lilikuwa limebeba magunia, na juu ya magunia, yamefungwa kwa kamba ya katani, mabati. Yalikuwa ya zamani, yenye kutu kwenye kingo, na jua likayapiga yakang'aa upande mmoja. Kuli mmoja akasema, "Mtu kauza nyumba." Mwingine akasema, "Mkasi huo. Bora auze kabla hawajambeba bure." Wa kwanza akanigeukia kwa mzaha, maana hawakuwa wanajua lolote, akasema, "Karani, na sisi tutie duara basi, tusije tukaburutwa nje." Nikacheka nao. Nilikuwa na chaki mfukoni wakati nacheka. Lori lilipinda kwenye njia ya Tunduma, vumbi likafuata, na mimi nikaandika magunia ya siku ile kwa mwandiko safi kuliko kawaida. Nimewahi kujiuliza kama ningepiga mbio. Lori lilikwenda polepole, njia ilikuwa na mashimo, kijana wa miaka ishirini na minne angelifikia.

Jumatano Mzee Oresti, balozi wa nyumba kumi, aliita watu kwenye uwazi ulio karibu na bomba la maji, saa kumi alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mkali wa maneno, mkulima wa ulezi, na shati lake alilifunga vifungo hadi kooni. Mama Tusekile alinijia chumbani saa tisa na nusu. Hakunihubiria. Alikaa kwenye sanduku langu la vitabu, akavua kiatu akatoa kijiwe, akasema, "Leokadia amelala jana na wajukuu chini ya nyasi alizofunika kwa kamba. Mvua hazipo mbali. Mimi nakwenda bombani. Ukija uje, usipokuja nitasema mwenyewe kwamba ni mimi niliyewatuma, na utakaa humu na vitabu vyako." Akavaa kiatu akaondoka. Ukweli ni kwamba nilimfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu katika chumba kile kuliko nilivyoogopa bomba.

Walikuwa watu mia na zaidi. Safari hii sikuhesabu. Mzee Oresti alisema katibu kata amemuuliza nani anaandika watu mtaani kwake, naye hakuwa na jibu, na balozi asiye na jibu ni kama mlango usio na bawaba. Akauliza nani anajua. Nikasema, "Shikamoo, Mzee Balozi. Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikaeleza yote: ghala, mstari, duara, mkasi, Jumapili, mchungaji. Nikasema hakuna lori, hakuna orodha ya serikali, hakuna anayekwenda wala anayebaki kwa sababu yangu, na kwamba nilijua tangu Jumatatu nikanyamaza. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kabla ya hapo walikuwa wananitazama kama mjinga. Baada ya hapo walinitazama vingine. Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hiyo kuku wangu nilimleta bure?" Watu wachache wakacheka, kicheko kibaya. Kijana mmoja akapaza sauti, "Na yule wa kaki?" Niliona kichwa cha Yona nyuma, karibu na ukuta, kimeinama. Nikasema aliyekuwa na kaki alinifuata mimi, na kosa ni la aliyeshika chaki. "Jina," akasema yule kijana. Mzee Oresti akamkata. "Kaki zimejaa mji mzima. Hata wewe ungeipata ungevaa." Kisha akanisogelea karibu kabisa, akanusa kama mtu anayenusa pombe kwenye pumzi ya mwenzake. "Mlangoni kwangu uliweka nini?" Nikasema mstari, kwa sababu hakuwepo. "Mstari," akasema. "Jumapili nimepeleka mbuzi wangu sita kwa mdogo wangu bondeni, usiku usiku, mimi balozi. Mmoja amevunjika mguu." Akageuka akawaambia watu, "Ndiyo. Na mimi niliogopa. Nani hakuogopa anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha.

Amri yake ilikuwa kwamba nibebe ndoo na kitambaa, nifute milango yote kwa mkono wangu, kesho yake na keshokutwa, jua likiwaka, nikibisha hodi kila nyumba na kujieleza kila nyumba, hata kama walikuwa wamesikia bombani. Nyumba arobaini na tatu, pamoja na zile walizojichorea wenyewe. Niliomba ruhusa ghalani, msimamizi akanikata mshahara wa siku mbili. Kufuta chaki kwenye mbao kavu si rahisi kama mtu anavyodhani. Maji huifanya ipotee, mlango ukikauka inarudi, nyeupe na hafifu, na milango mingine niliirudia mara tatu. Baadhi ya watu walinisimamia. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo miguuni, akasema samahani hakuniona. Yule mzee wa vikapu alinitazama hadi nikamaliza, akasema, "Sasa umekwisha fanya kazi. Kaa unywe togwa." Nikakaa. Hakuniuliza habari za Mungu, nami sikumwambia. Aliniuliza kama ni kweli Mbeya kuna ndizi ambazo watu hupika kama ugali.

Ijumaa mchana niliitwa kwa katibu kata. Nilikaa kwenye benchi la nje saa mbili na dakika arobaini, daftari la kurasa tisini na sita magotini, nikiwa nimebeba mswaki na shati la pili ndani ya mfuko wa karatasi, kwa kuwa nilidhani sitarudi nyumbani. Ndani, alifungua daftari akasoma ukurasa baada ya ukurasa bila haraka. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kila ukurasa aliofungua nilitamani ungekuwa mbaya. "Watu wangapi, wametoka wapi, kazi gani, nani mgonjwa," alisema. "Ndugu, mimi mwenyewe sina habari hizi." Akafunua ukurasa mwingine. "Kuhesabu watu ni kazi ya nani?" Nikasema ni ya serikali, Ndugu Katibu. "Na nyinyi mna kibali cha kukusanyika?" Nikasema hatuna. Akaweka daftari kwenye saraka yake, akafunga kwa ufunguo, akasema tusisali mahali popote tukiwa zaidi ya watu wa nyumba moja mpaka barua itoke kwa mchungaji wetu na ipite kwake. Nilipofika mlangoni akasema, "Huo mfuko una nini?" Nikamwonyesha. Alitazama mswaki kwa muda. "Nenda nyumbani," akasema. Daftari sikuliona tena, na kwa miaka kadhaa, kila lori lilipopita Chanji asubuhi, nilijiuliza liko mikononi mwa nani.

Barua ilichukua wiki saba. Katika wiki hizo kila mmoja alisali kwake, na sebule ya Mama Tusekile ilirudi kuwa ya dagaa. Tuliporuhusiwa tulifika wanane. Kati ya wale kumi na tisa hakuna aliyerudi Jumapili ile, wala iliyofuata. Yona aliomba uhamisho, akaupata, akaondoka na familia yake bila kuniaga. Baadaye sana nilisikia amefariki. Wa kwanza kurudi alikuwa yule mzee wa vikapu, miezi mitatu baadaye, naye alikuja wakati wa chakula, akakaa mlangoni, akala, akaondoka, na akafanya hivyo mara nne kabla hajaja wakati wa ibada. Hatukumuuliza chochote wala sikumwandika. Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, na mwaka uliofuata ulipoisha tulikuwa kumi na wanne. Hiyo ndiyo hesabu ambayo ningependa isimuliwe kwenye maziko.

Lakini mabati hayakusubiri barua. Jumamosi, siku iliyofuata kuitwa kwangu, mimi na Mama Tusekile tulipanda juu ya lori la mahindi hadi Laela. Mnunuzi tulimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya duka lake karibu na kituo cha basi, anakula mihogo ya kuchoma. Alikuwa amemlipa Mama Leokadia shilingi nane kwa bati, mabati kumi na manne. Mama Tusekile akamwuliza sasa ni ngapi. "Ishirini," akasema. "Mabati yamepanda." "Tangu lini?" "Tangu uliposhuka kwenye lori, mama." Mama Tusekile hakukasirika. Alikaa chini kando yake, akachukua kipande cha muhogo wake bila kuombwa, akatafuna, akabishana naye kwa muda wa saa nzima, na bei haikushuka hata senti. Mawili alikuwa ameshayauza. Tulirudi na kumi na mawili, tukanunua mawili mapya mjini. Fundi alipoyarudisha juu, matundu ya misumari hayakulingana na miti, ikabidi atoboe mapya na kuziba ya zamani kwa lami, na mvua ya kwanza ilinyesha wakati safu ya mwisho bado. Nilikuwa juu ya ngazi namshikia nyundo. Mama Leokadia alisimama chini uani, mvua ikimpiga, wajukuu wamejificha nyuma ya kanga yake. Alimpa Mama Tusekile fundo la kitambaa lenye pesa alizolipwa na mnunuzi, zimepungua shilingi kumi na tano alizonunulia blanketi la safari ambayo haikuwepo. "Sitawaambia asante," alisema. "Hatukuja kuichukua," Mama Tusekile akajibu. Mama Leokadia aliishi Mkatoliki na akafa Mkatoliki, na miaka yote mlangoni kwake nilipita upande wa pili wa njia.

Jioni ile nilifungua daftari la hazina, kwa kuwa pesa tulizotumia zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya kiwanja cha kanisa, nikaanza kuandika neno hasara. Mama Tusekile alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akaniambia niandike kile kilichonunuliwa, basi. Nimelitoa daftari hilo wiki hii nikajumlisha upya, nauli ya lori, mabati ya Laela na mawili ya mjini, misumari, nikitoa alizorudisha Mama Leokadia, na hesabu haijabadilika. Mstari umeandikwa kwa wino wa bluu: Mabati ya jirani, shilingi mia mbili na kumi na tano.